Hedifoni na Kahawa ya Mama

Hedifoni nyingi ninazoletewa dukani hazifai kitu, na huwa nawaambia wenye nazo hivyo hivyo, usoni. Mtu anakuja na kitu alichonunua stendi, boksi linajisifia kila upande, anakiweka mezani kwangu hapa Runazi, Biharamulo, na kuniuliza, "Fundi, hizi vipi?" Navaa, nasikiliza kidogo, navua. "Hao ni nyuki ndani ya kopo," namwambia. Wengine wanacheka, wengine wananuna, na wote wanarudi na nyingine baada ya mavuno. Mume wangu anasema ulimi huu ndio utakaofunga duka. Duka bado liko wazi.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na redio, na nyuma ya duka nina chumba kidogo nilichokizungushia magodoro ukutani, ambamo narekodi kwaya. Huko ndiko ugonjwa wa kupenda sauti nzuri ulikonipata. Siku hizi niko katika kundi la simu la wagonjwa wenzangu, watu wa mikoa mbalimbali ambao sijawahi kuonana nao hata mmoja. Yumo nesi wa Morogoro, yumo dereva wa lori, yumo mwalimu wa hesabu wa Kahama anayeandika maoni marefu kuliko mtihani wake. Anayepata hedifoni nzuri huzizungusha: anazifunga vizuri, anazipakia kwenye basi, unakaa nazo wiki moja, unaandika ulichosikia, kisha unazituma kwa anayefuata. Mume wangu alipoambiwa bei ya baadhi ya hizo hedifoni aliuliza kama zinakamuliwa maziwa.

Kupima hedifoni kunaanza na sikio, muziki unafuata baadaye. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na nikiwaambia wanakasirika. Hizi tunazozungusha sisi hazifuniki sikio kwa nje, zinaingia ndani kabisa, na mwishoni zina kimpira laini cha kuziba tundu. Kimpira kikiwa kidogo kinaachia. Kikiwa kikubwa kinauma, na baada ya nyimbo mbili unatamani kugombana na mtu. Tena masikio mawili ya mtu mmoja hayalingani. Langu la kushoto ni jembamba kuliko la kulia, kwa hiyo kushoto navaa kimpira kidogo na kulia cha kati, na hilo lilinichukua muda mrefu kulikubali. Waya naupitisha juu ya sikio, navuta sikio kwa nyuma, nasukuma taratibu, nasubiri. Zikikaa sawasawa, dunia inarudi nyuma kidogo: cherehani ya jirani inakuwa mbali, na jogoo wetu anakuwa wa kijiji kingine. Zisipokaa sawasawa, besi inatoroka, na hata hedifoni ya bei ya ng'ombe itasikika kama ya stendi. Haya yote nilikuwa nayajua vizuri. Nayasema mapema ili unicheke vizuri baadaye.

Baada ya sikio ndipo nasikiliza. Sina muda na nyimbo wanazopimia wenzangu kundini. Ninayo mvua niliyoirekodi mwenyewe ikipiga bati la ukumbi wa parokia, nayo inanionyesha sauti za juu: hedifoni mbaya inaigeuza kuwa mafuta ya kukaangia. Ninayo kwaya moja ya Nyarubungo yenye wanaume wa sauti nzito, na mmoja wao anasafisha koo kabla ya kila ubeti. Nisipomsikia huyo wa koo, hedifoni zinarudi kwenye boksi lake. Ninazo ngoma za harusi ya shemeji yangu, ambazo mume wangu alinilazimisha niziweke, kwa maana kwake yeye kitu kisichotikisa kifua si muziki. Na mwisho wa yote, baada ya kunywa maji na kufunga mlango wa chumba cha magodoro, namweka baba.

Baba yangu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, yeye na wazazi wake, na katika mizigo yao michache kulikuwa na inanga. Kwa asiyeijua, inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukabonyea katikati, ukazungushiwa uzi unaokwenda na kurudi mpaka zinapatikana nyuzi kadhaa, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Baba alikaa chini, akailaza mbele yake, akapiga kwa vidole vyote. Na hakuimba kwa sauti. Alinong'ona. Sasa mnong'ono hauna juu wala chini, ni pumzi yenye maneno tu. Lakini zile nyuzi nene zikitembea chini yake, sikio linadanganyika, linasikia pumzi ile ikipanda, ikishuka, ikiimba kabisa. Nyuzi hizo nene baba aliziita tumbo la inanga. Ukiondoa tumbo, kinachobaki ni mzee anayesengenya watu.

Ndiyo maana hakuna kipimo cha hedifoni kinachoishinda inanga ya baba. Kama besi ni pungufu kidogo tu, wimbo unavunjika na kuwa umbea. Kama besi imezidi, tumbo linameza maneno. Hedifoni nzuri inamkalisha baba mbele yangu, inanga hapa, mdomo pale, na kati yao nafasi ndogo ambayo ukinyoosha mkono unaweza kuigusa.

Nilimrekodi mara moja tu, nyumbani kwake, alipokuwa ameshaanza kuumwa. Hakupenda mtu amsimamie na mashine, kwa hiyo nilitega simu yangu juu ya kigoda, nikamwambia apige akijisikia, nikatoka uani kuanika maharage. Niliporudi alikuwa ameshamaliza, anaifuta inanga kwa kitambaa chake. Rekodi ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea, ila mwanzoni kulikuwa na mikwaruzo, kra, kra, kra, kwa muda mrefu kidogo, kisha kimya, kisha uzi wa kwanza. Niliikata ile mikwaruzo. Mimi ni fundi, siachi uchafu mlangoni. Nakala zote nilizotengeneza zinaanza pale pale baba anapogusa uzi.

Baba alipofariki, nilimpelekea mama rekodi hiyo kule kwao Mabawe, wilayani Ngara, nikidhani nampelekea dawa. Aliisikiliza kwenye spika ya simu, akanirudishia simu.

"Huyu si yeye," alisema.

"Ni yeye, mama. Nimemrekodi mwenyewe."

"Huyu ni mtu anayepuliza chai," akasema, akachukua jembe lake akaenda shambani.

Iliniuma sana. Nilijua kosa ni la spika, kispika cha simu kitatoa wapi tumbo la inanga? Nikampelekea redio kubwa, akasema huyo anapuliza chai kanisani. Nikampelekea hedifoni zangu nzuri, halafu nzuri zaidi. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Mimi nilikuwa namsikia baba dukani kwangu kila nilipotaka, na mama, aliyeishi naye tangu ubinti wake, hakuwa na hata wimbo mmoja. Basi kila hedifoni niliyoipima, nyuma ya maneno yangu yote makali, nilikuwa natafuta jambo moja: ile itakayomfanya mama aseme, ndiye.

Zile ninazotaka kuzisimulia zilikuja kutoka kwa nesi wa Morogoro, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa pamba. Zilikuwa ndogo, za chuma cheusi, zinakaa kwenye kiganja kama punje za kunde. Kijibomba chake, kile kinachovishwa kimpira na kuingia sikioni, kilikuwa kifupi kuliko cha nyingine nilizowahi kuvaa. Nesi alikuwa ameandika kundini kwamba hajawahi kusikia besi safi namna ile. Dereva wa lori, aliyekaa nazo kabla ya nesi, aliandika kwamba amelazimika kuegesha gari. Nilizivaa nikiwa na hamu kubwa.

Sauti za kati zilikuwa za ajabu. Niliwasikia wanawake wa kwaya ya Nyarubungo mmoja mmoja, na yule bwana wa koo nilimsikia hadi akimeza. Mvua ilikuwa mvua. Nikamweka baba. Pumzi yake ilikuja karibu mpaka nywele zikanisimama, lakini chini yake hakukuwa na kitu, tumbo halipo. Nikabadilisha vimpira, nikasikiliza asubuhi, nikasikiliza mchana, nikamaliza wiki nzima nikiwa na hasira na watu wazima wawili waliozisifia. Nikaandika: "Katikati pazuri sana, juu safi, chini hakuna kitu. Besi imesahaulika kiwandani."

Nesi akajibu kwa upole, "Dada, uliziba vizuri?"

Kuniuliza mimi kama niliziba! Nilimjibu kwamba nilikuwa naziba masikio kabla yeye hajajifunza kuziba chupa ya dawa. Mwalimu wa Kahama, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, akaingilia na hesabu zake. Nikazima simu, nikafungua kopo langu la kahawa, nikatafuna kwa hasira.

Hapa lazima niieleze hiyo kahawa. Mama ni Mhangaza wa hapo hapo Ngara, lakini bibi yake alitoka upande wa Karagwe, na kutoka kwake amerithi kahawa ya kutafuna: matunda ya kahawa yanachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yanaanikwa mpaka yanakuwa meusi na magumu. Kwa mama mgeni hapewi maji kwanza, hapewi kiti vizuri, anapewa kahawa. Unaweka chache mdomoni, unatafuna pole pole, uchungu unageuka kuwa kitu kingine, ndipo mazungumzo yanaanza. Ukikataa, ni kama umemwambia hukuja kwake, umepita tu. Yeye mwenyewe hutafuna toka asubuhi mpaka jua linapozama. Wiki ile kaka yangu alikuwa ameniletea furushi jipya kutoka kwa mama, na nilikuwa nalo mezani mchana kutwa.

Jumapili tulipanda pikipiki kwenda Mabawe kumpelekea mama mbegu za maharage. Hedifoni nilizibeba. Usiniulize kwa nini, wakati nilishazilaani mbele ya watu. Nadhani ni ile pumzi ya baba. Hata bila tumbo, sikuwahi kumsikia karibu vile, na Jumanne zilikuwa zinapanda basi kwenda Kahama. Njiani malori ya Rwanda na Burundi yalitupita yakitumwagia vumbi, na mume wangu akaimba mpaka tukaanza kupanda vilima vya Ngara, akanyamaza. Huwa ananyamaza hapo. Anaogopa ukweni.

Yeye ni Msukuma, wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Ni mtu wa kelele na mizaha, lakini mbele ya mama mkwe anakuwa mtoto wa kipaimara. Na mama naye ana heshima zake za zamani ambazo hajaziacha: mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, hatafuni hata punje. Kwa hiyo tukifika Mabawe, mume wangu humsalimia mama akiwa uani, kisha anakwenda moja kwa moja zizini kwa kaka yangu kuwakosoa mbuzi. Mama na mimi tunaingia ndani na kahawa yetu. Imekuwa hivyo tangu tuoane.

"Umekuja tena na vidude vyako," mama alisema, tukiwa tumeketi mkekani na kipande cha jani la mgomba chenye kahawa kati yetu. Tunaongea lugha ya nyumbani, mama na mimi. Kiswahili anakiweka kwa ajili ya sokoni na kwa mkwe.

"Hivi vinaondoka keshokutwa, mama. Sikiliza mara hii tu."

"Na viende salama."

Lakini alivua kitambaa kichwani, akanisogezea sikio. Masikio ya mama ni madogo, na tundu lake limepinda kidogo, hata daktari angepata shida. Nikachagua vimpira vya sponji, vile unavyovibonyeza kwanza halafu vinajaa polepole ndani ya sikio. Nikavuta sikio kwa nyuma, nikasukuma.

"Usinifikie ubongo," alisema.

"Tulia."

"Nimetulia. Wewe ndiye unayetetemeka."

Nikamweka baba. Mama alisikiliza huku akitafuna, macho yamelenga dari, uso wa mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

"Anapuliza chai."

Nikachukua upande mmoja, nikauvaa mwenyewe, na mimi kahawa mdomoni. Alikuwa anapuliza chai kweli. Nikabadilisha vimpira, nikaweka vikubwa zaidi.

"Sasa anapuliza uji," mama alisema.

Nilisema neno ambalo halisemwi Jumapili. Mama alicheka mpaka hedifoni moja ikaruka ikaangukia kwenye kahawa. Nikaifuta, nikarudisha sponji, nikamvisha tena kwa ukaidi tu, nikaanzisha wimbo. Mama akajaza kahawa nyingine mdomoni. Na hapo hapo mvua ikashuka, ile ya Ngara isiyobisha hodi, na nyuma yake mume wangu, ambaye alibisha hodi akiwa tayari ameshaingia, maji yanamtiririka.

"Shikamoo mama!"

Mama aligeuza uso ukutani, akafunika mdomo kwa kiganja. Taya lilisimama papo hapo. Kumeza hakuweza, kutema hakuweza, kutafuna ndiyo kabisa.

"Mmh," alijibu.

Mume wangu akanitazama kwa hofu. Amemsalimia mama mkwe, na mama mkwe hakusema marahaba. Akakalia kigoda karibu na mlango, ncha ya kigoda tu, akaanza kujitetea. Akasema mvua imekuja ghafla. Akasema mbegu ni nzuri, amezichagua mwenyewe. Akasema mbuzi wa shemeji wamenawiri, ingawa kabla hatujaondoka aliniambia anakwenda kuwasema. Mama hakujibu, na mimi nilikuwa nabana kicheko kiasi kwamba nilisahau kusimamisha wimbo.

Kisha nikaona mabega ya mama yameganda. Aligeuka taratibu kutoka ukutani, kiganja bado kiko mdomoni, macho makubwa namna ambayo sijawahi kuyaona.

"Mama kapaliwa!" mume wangu akasimama. Mkwe hamgusi mama mkwe, kwa hiyo alinisukuma mimi. "Mpige mgongoni! Mpige!"

Mama akainua kidole. Alisukuma kahawa yote kwenye shavu moja, na akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini sana, "Nyamaza, mkwe. Sikiriza. Anapiga."

Mkwe alikuwa hasikii chochote zaidi ya mvua, lakini alikaa, akasikiliza kwa utii. Mimi nilimtazama mama. Kidole chake kilikuwa bado juu, na polepole kikaanza kutembea, kikishuka kila nyuzi nene ziliposhuka. Nayajua mapigo yale moyoni. Kidole kilikuwa kinafuata tumbo. Alikuwa analisikia.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika, shavu limetuna.

"Sauti ni yake," alisema. "Na vidole ni vyake."

Nililia, sioni haya kusema. Mume wangu akasema, "Wabeja, wabeja," akimshukuru sijui nani. Nikauanzisha wimbo tena haraka kabla muujiza haujaisha, na mama kwa furaha akasahau kama mkwe yupo, akatafuna.

"Amekwenda," akasema, uso umeanguka.

Akaacha kutafuna. Akarekebisha hedifoni kwa kidole.

"Amerudi."

Akatafuna kidogo, kwa kujaribu.

"Amekwenda!" Akaacha. "Amerudi!" Na hapo akaanza kucheka, anatafuna na kuacha, anamfukuza mumewe na kumwita, kama msichana anayechezea swichi ya taa.

Weka kidole chako ndani ya sikio, kisha tafuna. Utasikia ukuta wa tundu unacheza. Taya likitembea, kimpira kinaachia kidogo, hewa inapita, na besi inatorokea hapo hapo. Kwa hedifoni yenye kijibomba kirefu unaweza usigundue. Kwa zile fupi hakuna kilichobaki. Wiki nzima nilikuwa nimezipima nikitafuna. Na mama, hedifoni zote nilizowahi kumpelekea, za bei zote, alizisikiliza akiwa na kahawa mdomoni, kwa sababu binti yake amekuja, na binti akija watu wanatafuna. Ningekuwa Morogoro ningeligundua siku ya kwanza. Mtu wa Morogoro anasikiliza na mdomo mtupu.

Kesho yake niliandika kundini kwamba nafuta maneno yangu yote, besi ipo, na ni ya ajabu. Mwalimu alitaka maelezo ya kitaalamu. Nikamwambia mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe, alichambue hilo. Nesi alicheka kwa vikaragosi mstari mzima. Na nikawaambia pia kwamba zile hedifoni haziendi Kahama, tuelewane tu, maana kuna mtu kakataa kuzivua.

Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Jumapili ile mvua bado inanyesha, mume wangu bado yuko kwenye ncha ya kigoda, na mama, baada ya kucheka vya kutosha, alikunja uso tena.

"Ila kuna kitu," alisema. "Mbona anaanza hivyo? Kama mtu anayefukuzwa. Baba yako hakuanza hivyo hata siku moja. Alikuwa ananisubiri."

"Akusubiri nini?"

Akagusa shavu lake lenye kahawa. "Nimalize."

Akanieleza, na nilishangaa kwamba nimekulia katika nyumba ile bila kuliona. Baba hakuweza kupiga inanga mtu akitafuna karibu yake, kelele zile ziliingia katikati ya mnong'ono wake. Lakini hakumwambia mama aache. Alikuwa analaza kiganja juu ya nyuzi, anatazama dari, anasubiri. Mama naye alikuwa anajua, na siku nyingine alitafuna polepole makusudi ili amuone akisubiri. Akimeza tu, baba anagusa uzi wa kwanza.

"Mama," nilimuuliza, "siku ile nilipotega simu kwenye kigoda, wewe ulikuwa wapi?"

"Ningekuwa wapi? Nilikuwa nimekaa hapa."

Nikaichukua simu mkekani. Rekodi nzima, ile ambayo haijakatwa, sikuwahi kuifuta. Iko kwenye kadi ya simu mpaka leo, kwa sababu fundi hafuti ya kwanza. Niliitafuta, nikamwambia mama asitafune, nikabonyeza.

Sikuhitaji kuisikia. Niliisoma usoni kwake. Kwanza alishtuka, akashika shavu kama anahakikisha halitembei. Kra, kra, kra, masikioni mwake mama wa siku ile alikuwa anatafuna, na mama huyu wa mkekani alikuwa ametulia kabisa, anamsikiliza yule. Midomo ikaanza kumcheza. Mikwaruzo ilipopungua, akanishika mkono. Ilipoisha, akanibana. Kikapita kimya kile nilichokitupa miaka yote pamoja na uchafu, kisha nikaona kidole chake kinapanda, na nikajua baba amegusa uzi.

"Ndiye," mama alisema.

Akacheka kwa furaha hadi hedifoni zote mbili zikamtoka. Hakuningoja. Alizichukua mapajani mwenyewe, akabonyeza sponji, akavuta sikio kwa nyuma kama nilivyomfundisha, akasukuma, akatulia.

"Niendelee na wimbo?" nilimuuliza.

"Wimbo naujua," alisema. "Rudisha mwanzo, pale anaponisubiri."